Umegawa Nini?

Huwa wanakuja na flashi. Mtu anabisha hodi, anavua viatu ingawa sijamwambia avue, anaketi, kisha anaisukuma flashi mezani kama anayemkabidhi fundi saa iliyosimama. "Shikamoo, Mwalimu. Data zote zimo humo. Nitumie testi gani?"

Mimi ni mtakwimu. Kwa miaka kumi na minne nimekaa kwenye chumba kimoja hapa Morogoro, mwendo wa bodaboda kutoka stendi ya Msamvu, nikiwapokea wanafunzi wa uzamili, wauguzi wanaotafiti wodi zao, maafisa ugani na watu wa miradi. Swali lao ni hilo hilo. Wengine huja na mchoro wa mishale uliodurufiwa mpaka herufi zimefifia: kama jibu ni namba, nenda kushoto, kama ni ndiyo au hapana, nenda kulia, makundi mawili, shuka hapa, matatu, shuka pale, mwishoni kuna kisanduku chenye jina la kipimo. Mchoro huo sio mbaya. Nami niliukariri nikiwa chuoni. Ila unaanza kuuliza data zikiwa zimeshaketi kwenye jedwali, wakati swali lenye uzito lilipita zamani, siku data zilipokuwa zinakusanywa.

Anayetoa ushuhuda aanze na yake, kwa hiyo naanza na kosa langu.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini. Mradi mmoja ulikuwa umefundisha unawaji mikono na kuweka ndoo zenye koki katika shule tatu za msingi. Shule nyingine tatu za wilaya hiyo hiyo ziliachwa bila kitu, ziwe za kulinganishia. Katika kila shule walichukua watoto 80, wakatazama kwenye rejista na kuwauliza wazazi: je, mtoto huyu alikosa masomo kwa sababu ya kuhara muhula huu? Ndiyo au hapana. Nikafuata mishale yangu. Jibu ni la ndiyo au hapana, makundi ni mawili, basi ni kai-mraba, kipimo alichokitoa Karl Pearson mwaka 1900 na ambacho kompyuta hukifanya kabla hujameza mate. Watoto 240 huku, watoto 240 kule. Thamani ya p ikatoka chini ya 0.001.

Kwa asiyeizoea, thamani ya p hujibu swali moja tu. Tuchukulie kwamba mafunzo hayana athari yoyote; je, bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kama hii, au kubwa zaidi, mara ngapi? Chini ya mara moja katika elfu, ndivyo nilivyoandika. Ripoti ikachapwa kwa rangi, ikawekwa picha ya mtoto anayecheka mbele ya ndoo.

Kulikuwa na mzee mmoja, mtakwimu mstaafu, aliyekuwa na kawaida ya kupita ofisini kwangu saa nne kunywa chai. Siku hiyo aliisoma ripoti akiwa amesimama.

"Binti yangu, hapa una wangapi?"

"Mia nne na themanini, Mzee."

"Mafunzo haya, mlimgawia mtoto mmoja mmoja?"

"Hapana, Mzee. Tuligawa kwa shule."

"Umegawa nini?"

"Shule."

"Ngapi?"

"Sita."

"Basi una sita." Akairudisha ripoti mezani, akaomba sukari.

Nilibishana naye kimoyomoyo siku nzima. Usiku nikakaa na kalamu. Watoto wa shule moja wanakunywa maji ya kisima kimoja, wanatumia vyoo vilevile, wanaambukizana. Ukishawajua watoto 79 wa shule hiyo, wa themanini hana jipya kubwa la kukuambia. Kuna hesabu ya kupima jambo hili, na ni fupi: chukua idadi ya watoto wa kila shule, toa moja, zidisha kwa kiwango ambacho watoto wa shule moja wanafanana, kisha ongeza moja. Tuseme wanafanana kidogo tu, 0.05 kwenye mizani inayoanzia sifuri na kuishia moja. Mara 79 ni 3.95, ongeza moja, ni 4.95. Gawanya 480 kwa 4.95, unabaki na 97. Watoto wangu mia nne na themanini walikuwa na uzito wa watoto tisini na saba, tena walioketi kwenye vikapu sita tu.

Kesho yake Mzee alipokuja, alinikuta na ile karatasi. Akaniambia habari ya vikombe, nami tangu hapo nimeisimulia pengine mara mia.

R. A. Fisher, mtakwimu Mwingereza aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1935, The Design of Experiments, kisa cha mama mmoja aliyedai kwamba akionja chai anatambua kama kilichotangulia kikombeni ni maziwa au ni chai. Sisi tunaochemsha maziwa na majani kwenye sufuria moja hatuwezi hata kuanza mabishano hayo. Lakini Fisher aliyachukulia kwa uzito. Viandaliwe vikombe nane, vinne maziwa kwanza, vinne chai kwanza, vichanganywe kwa kura. Mama aonje na kuvitaja vile vinne vya maziwa kwanza. Njia za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane ni 70. Asiyejua lolote, akibahatisha, atavipata vyote mara moja tu katika 70, yaani 0.014. Kwa vikombe sita, vitatu kwa vitatu, njia ni 20 tu: hata akipatia vyote, mtu wa kubahatisha naye angevipata mara moja katika 20.

"Sasa zihesabu shule zako," Mzee akasema.

Shule sita, tatu kwa tatu, ni vikombe sita. Tuseme mambo yalikwenda vizuri kuliko yote, kila shule yenye ndoo ikawa na watoto wachache waliokosa masomo kuliko kila shule isiyo na ndoo. Kwa kuzipanga shule kwa nafasi, mpango huo ni mmoja kati ya 20. Na kwa kuwa hatukuapa mapema kwamba mafunzo hayawezi kudhuru, lazima tuhesabu pia mpango wa kinyume chake, hivyo ni miwili kati ya 20, yaani 0.1. Mstari ambao karibu kila msimamizi anautaka ni 0.05. Matokeo mazuri kuliko yote yanayowezekana yasingeufikia! Ningeweza kuchukua wastani wa kila shule na kutumia kipimo cha t, kile cha kulinganisha wastani, lakini hapo ningekuwa naegemea umbo la mgawanyo ambalo namba sita haziwezi kulithibitisha.

Sasa angalia kilichoniuma. Tungechukua shule nane badala ya sita, watoto 60 kila shule badala ya 80, jumla ingebaki 480 ile ile. Njia zingekuwa 70. Mipango miwili kati ya 70 ni karibu 0.029. Idadi ya watoto ile ile, karatasi zile zile, safari mbili zaidi za gari. Kipimo chetu kilichaguliwa, na kikashindwa, siku dereva alipoambiwa shule ni sita.

Niliwaandikia wenye mradi kwamba ripoti ile haithibitishi kilichoandikwa. Hawakufurahi, na sikuwatarajia wafurahi. Nilikuwa nimewapa furaha isiyo yangu kuitoa. Baadaye nilijifunza kwamba watafiti wazoefu walikuwa wakiliona tatizo hili kabla ya kuanza. Majaribio makubwa ya vyandarua vyenye dawa huko Kilifi, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990, yaligawa maeneo mazima, wala si mtu mmoja mmoja, kwa sababu chandarua cha jirani yako kinaua mbu ambaye angekuja kwako. Na walipogawa maeneo, walihesabu kwa maeneo.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza atumie testi gani, nami namuuliza: umegawa nini? Kama hakugawa chochote, alipita tu akiuliza watu, swali langu linakuwa: ulimpataje kila mmoja, na nani yuko kapu moja na nani?

Swali la pili, je, data zako ni za jozi, nilifundishwa na muuguzi. Alikuwa akitafiti kama somo la kliniki linawasaidia mama wajawazito kutambua dalili za hatari. Aliwauliza kabla ya somo, akawauliza tena baadaye. Namba zake nitazilainisha ili tuzihesabu hapa pamoja. Tuseme mama 100. Kabla ya somo 40 walizijua dalili, baada ya somo 55. Alikuja na kai-mraba mkononi: 40 kati ya 100 dhidi ya 55 kati ya 100. Ukiihesabu inatoka 4.51, na mpaka wa 0.05 ni 3.84. Imekubali, akasema. Ndivyo wanavyosema wanafunzi wangu: imekubali, imekataa, kama vile posa.

Lakini kai-mraba ile ilidhani amezungumza na mama 200. Alizungumza na mama 100 mara mbili. Hapa kipimo chake ni cha McNemar, kilichotolewa mwaka 1947 na Quinn McNemar, mwanasaikolojia wa Marekani, nacho kinafanya jambo la busara sana: kinawaweka kando wote ambao hawakubadilika. Aliyejua kabla na akajua baada hana la kusema juu ya somo. Asiyejua kabla na asiyejua baada, vivyo hivyo. Tunabaki na waliojifunza na waliosahau.

Chukua hali ya kwanza: mama 20 walijifunza, 5 walisahau. Tofauti ni 15. Zidisha 15 kwa 15 upate 225. Gawanya kwa jumla ya waliobadilika, 25. Jibu ni 9, mbali sana juu ya 3.84. Chukua hali ya pili: mama 40 walijifunza, lakini 25 walisahau. Tofauti bado ni 15, jumla bado inapanda kutoka 40 hadi 55, ila sasa 225 inagawanywa kwa 65. Jibu ni 3.46, chini ya mpaka. Asilimia ni zile zile, majibu mawili tofauti. Katika hali ya kwanza somo linafundisha. Katika ya pili huenda mama wengi walikuwa wanabahatisha tu mara zote mbili.

Nikamuuliza, "Dada, kati ya hizi, yako ni ipi?"

Akanyamaza. Ili kulinda siri za akina mama hakuandika majina kwenye madodoso, jambo jema kabisa. Lakini hakuweka hata namba. Karatasi za kwanza zilikuwa kwenye bahasha moja, za pili kwenye bahasha nyingine, na hakuna mtu duniani aliyeweza kuziunganisha tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Namba ya siri, tarakimu tatu kwenye kona ya karatasi, ingeokoa miezi yake minne.

Jambo hili la jozi halikuanza jana. William Gosset alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, na mwaka 1908 alichapisha kipimo tunachokiita leo kipimo cha t, akitumia jina la kupanga, "Student". Shida yake ilikuwa sampuli ndogo, kama shida zetu nyingi. Mfano mmoja alioutumia ulikuwa wa watu 10 waliopewa dawa mbili za usingizi kwa zamu: kila mtu alilinganishwa na nafsi yake. Afisa ugani anayepanda mbegu mbili za mahindi ubavu kwa ubavu katika kila shamba la mkulima anafanya jambo lile lile. Shamba la bondeni litazaa kuliko la mlimani kwa mbegu yoyote; ukitoa moja kwa nyingine ndani ya shamba lile lile, bonde na mlima vinajifuta, inabaki mbegu. Ukisahau jozi hiyo na kuzimwaga namba zote kwenye makundi mawili, tofauti ya mashamba inaimeza tofauti ya mbegu. Mkulima amekufanyia kazi ya kukupunguzia kelele, nawe umeirudisha.

Swali la tatu ndilo linalozua ubishi mwingi, nalo ni: unataka kujua nini hasa?

Kijana mmoja alipima muda ambao wagonjwa wanasubiri kwenye vituo viwili vya afya. Alikuwa ameambiwa kwamba data zisipokuwa na umbo la kengele, aache kipimo cha t atumie cha Mann na Whitney. Basi akafanya kipimo cha kukagua umbo, kikamwambia si kengele, akabadili. Mishale imefuatwa, kila kitu kiko sawa.

Nikamwandikia wagonjwa watano tu kwenye karatasi: dakika 20, 25, 30, 35 na 290. Wastani ni 80. Namba ya katikati ni 30. Ipi ni ya kweli? Zote. Mgonjwa anayetaka kujua kesho atasubiri kiasi gani kwa kawaida, thelathini inamfaa. Mganga mfawidhi anayetaka kujua benchi lake linabeba saa ngapi za watu kwa siku, themanini ndiyo yake, maana yule wa dakika 290 ni mtu, alikaa pale, na huenda alikuwa mgonjwa kuliko wote.

Kipimo cha Mann na Whitney, walichokichapisha mwaka 1947 wakiendeleza wazo ambalo mkemia Frank Wilcoxon alilitoa mwaka 1945, hakijali dakika. Kinapanga watu kwa nafasi. Yule wa 290 anakuwa wa tano tu, na angebaki wa tano hata kama angelala pale. Swali linalojibiwa ni hili: ukichukua mgonjwa mmoja kituo hiki na mmoja kile, yupi ana uwezekano mkubwa wa kusubiri zaidi? Ni swali zuri. Ila silo swali la wastani, na kuhama kutoka moja kwenda lingine kwa sababu ya umbo la data ni kama kumuuliza mtu njia ya kwenda Iringa, kisha ukapanda basi la Dodoma kwa sababu lina viti.

Na vile vipimo vya kukagua umbo vina hila yao. Ukiwa na watu 12, vinaweza visione kitu hata data zikiwa zimepinda. Ukiwa na watu 2,000, vinapiga kelele kwa kasoro isiyodhuru, wakati huo huo ambapo wastani umeshatulia kwa wingi wa watu na kipimo cha t, hasa kile cha Welch kisichodai makundi yawe na mtawanyiko sawa, kingefanya kazi bila tatizo. Chora data, zitazame kwa macho, kisha ujiulize unamjibu nani.

Yapo mengine ambayo hayana haja ya hadithi. Visanduku vya jedwali vikitarajiwa kuwa na watu wachache, chini ya watano, acha kai-mraba, hesabu njia zote kama vikombe vya Fisher. Makundi yakiwa matatu au zaidi, usilinganishe mawili mawili kama anayeonja mboga. Anza na kipimo kimoja cha yote. Hayo mchoro wa mishale unayajua, nami nauachia.

Usilolikuta kwenye mchoro ni majaribu. Mwanafunzi anarudi wiki ya pili: "Mwalimu, imekataa. Msimamizi anasema tujaribu nyingine." Tukijaribu nyingine, na nyingine, tukageuza umri kuwa makundi, tukaondoa wanaume, tukaondoa kata moja, hatimaye itakubali. Lazima ikubali. Ukifanya vipimo 20 vinavyojitegemea mahali ambapo hakuna kitu chochote, uwezekano wa angalau kimoja kuvuka mstari wa 0.05 ni asilimia 64. Na mstari wenyewe haukushuka na mvua. Fisher aliusema mwaka 1925 kama kiwango kinachofaa kwa kazi, sisi tukaugeuza ukuta. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko kikikumbusha kwamba thamani ya p haipimi ukubwa wa jambo wala umuhimu wake, na kwamba uamuzi usisimame juu ya kuvuka mstari peke yake. Mimi nimekataa kazi za namna hiyo, na nimepoteza wateja. Zipo pia nilizokubali nikiwa na kodi ya pango mbele yangu, na sijivuni nazo.

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga, nami zamani niliisikia kama dongo kwa kazi yangu, maana nalipwa kuchagua majembe. Siku hizi naielewa vingine. Mkulima anajua shamba lake lina mawe wapi na maji yanasimama wapi. Akifika dukani hakawii, jembe linalomfaa lilishaamuliwa na udongo. Anayekawia dukani akigeuza mipini ni yule ambaye hajawahi kukanyaga shamba.

Mzee amefariki. Kikombe chake bado kiko kwenye kabati langu. Nimebandika swali lake mlangoni kwa herufi kubwa, ili mtu alisome kabla ya kuingia, na baadhi yao hulisoma, wakageuka, wakaenda kufikiri kwanza.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye utafiti, ombi langu ni dogo. Kabla ya kwenda uwandani, njoo, au mwendee mtakwimu yeyote aliye karibu nawe. Lete dodoso ambalo bado lina nafasi ya kuongezwa namba kwenye kona. Lete orodha ya vijiji au shule kabla gari halijatiwa mafuta. Flashi iache nyumbani, ikiwa tupu. Kwa nusu saa na kikombe cha chai tutajua kipimo chako ni kipi, na siku data zitakapofika utakuwa huna haja ya kuniuliza.